Yatokanayo

Ajenda namba nne: maoni ya halmashauri
kuhusu muswada wa usalama barabarani.
Ukumbi wa Sikonge, feni moja inazunguka,
ya pili inasubiri bajeti tangu mwaka juzi.
Mimi ni mwandishi. Sipigi kura, sinyooshi mkono.
Kazi yangu ni kukamua kelele
mpaka itoke sentensi inayoanza na Ilielezwa kuwa.

Mheshimiwa Kasonta, mwenye grosari mbili na lori la tumbaku,
alisimama kabla hajaitwa:
"Mwenyekiti, mnataka kumpima mkulima pumzi?
Msimu mzima kapumua moshi wa bani, hakuna aliyempima.
Leo chama kimemlipa, kanywa vikombe viwili,
ndipo mnamletea mrija!"
Ukumbi ukacheka, meza zikapigwa.
Nikaandika: Mjumbe alishauri uchumi wa mkulima uzingatiwe.

Mheshimiwa Mlewa wa Kipili
(jina tu, jamani, hajawahi kuonja)
akasema babu zetu walikunywa wanzuki wakarudi kwa miguu.
"Mguu ukipepesuka unakuangusha wewe.
Pikipiki ikipepesuka inamtafuta mwenzio."
Hilo niliandika lilivyo. Afisa utumishi atalifuta.

Akaulizwa mkuu wa trafiki: kipima ulevi kipo?
Kipo.
Vingapi?
Kimoja.
Kiko wapi?
Kimeazimwa Tabora mjini.
Kitarudi lini?
Suala hilo, Mwenyekiti, linafanyiwa kazi.

Ndipo Nyanzala wa viti maalumu akafungua mkoba,
akatoa kandambili, moja, ya kushoto, ya bluu,
akaiweka katikati ya chupa za maji.
"Niliiokota Tutuo, pembeni ya tuta. Ya kulia sikuiona.
Mwenyewe simjui. Nani anamjua?"
Feni ikazunguka.
Muhtasari hauna mahali pa kandambili.
Nikaandika: Mjumbe aliunga mkono hoja.

Fomu ya mahudhurio ina sehemu tatu:
waliohudhuria,
wasiohudhuria kwa taarifa,
wasiohudhuria bila taarifa.
Mdogo wangu Mihayo alitoa taarifa.
Alisema, "Dada, naenda mara moja Chabutwa, narudi."
Ilikuwa siku ya malipo, mtaa mzima unanuka asali iliyochacha.
Nilikuwa na jagi mkononi.
Nilisema, maneno yangu mwenyewe, hakuna wa kuyafuta:
"Basi malizia hii, usiache kikombe nusu, ni mkosi."
Akacheka, akamaliza,
akaniachia kikombe kikiwa kikavu
kana kwamba ameshakiosha.

Kura: kumi na mmoja wanaunga mkono, tisa wanapinga,
mmoja alikuwa nje anaongea na simu.
Ilikubaliwa muswada uungwe mkono pamoja na marekebisho.
Marekebisho yakaorodheshwa, a mpaka e.
Ya e ni tuta la Tutuo lipakwe rangi.

Posho zikasainiwa, soda zikafunguliwa.
Waliogombana asubuhi wakagawana mapaja ya kuku,
na mimi nikabaki nakusanya karatasi,
kandambili bado iko mezani, hakuna anayetaka kuishika.

Kasonta alirudi peke yake. Alisema amesahau miwani.
Miwani ilikuwa usoni.
Akasimama, akaipapasa funguo ya lori mfukoni,
na ile sauti iliyochekesha ukumbi
sijui ilikuwa imeenda wapi.

"Mwandishi," akasema, "ile kandambili.
Ni namba ngapi?"

"Nane," nikamjibu, bila kuigeuza.

Mihayo alivaa tisa.
Nilishaangalia, Mheshimiwa,
kabla hujamaliza kuchangia.